Mstari Mwekundu wa Baba

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari hili. Daktari ameniambia niandike kila siku baba anavyoendelea: amekula nini, amesahau nini, amekasirishwa na nini, ili tukirudi kliniki mwezi wa sita tuwe na la kumwonyesha. Basi naandika.

Amekula uji nusu kikombe. Amesahau kwamba mama alifariki. Nilipomkumbusha alilia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Kesho akiniuliza nitasema mama ametoka. Mimi binti wa mwinjilisti, nimefika umri wa miaka hamsini na moja ndipo naanza kupanga uongo kwa tarehe.

Ameniuliza mara saba: "Jina langu lipo?" Kila mara nikamjibu lipo. "Nani kaliandika?" Wewe mwenyewe, baba, kwa mkono wako. Anatulia, anaangalia dirisha, halafu anaanza upya.

Jumanne, Machi 4

Mara kumi na moja. Nguo hazikauki.

Jumapili, Machi 9

Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili ya Majina itakuwa Mei 25, mvua zikiisha, kama kawaida. Nimehesabu wiki zilizobaki: kumi na moja.

Daktari hajui mambo haya, kwa hiyo nayaeleza. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu miaka thelathini na minane. Daftari kubwa la washirika, lenye jalada la kijani, aliliandika yeye tangu ukurasa wa kwanza, na Jumapili ya Majina aliianzisha yeye. Mara moja kwa mwaka kila mshirika anaitwa jina lake mbele ya wote, naye anasimama na kujibu kwa kinywa chake: "Nipo, na bado nimemshika." Akijibu, baba alikuwa anasema, "Andika," na katibu anaweka alama. Asipojibu anaitwa mara ya pili, na ya tatu. Akinyamaza mara ya tatu, baba alikuwa anasema, "Piga mstari." Katibu anachukua rula na kalamu nyekundu, na jina linakatwa. Aliyekatwa hashiriki Meza ya Bwana, na akifa kanisa halimziki. Haitwi tena.

Katibu ni mimi, mwaka wa kumi sasa. Asubuhi nafua na kupiga pasi nguo za watu, Jumapili nashika rula.

Sikuwahi kuona ubaya wa utaratibu ule. Niliona ni usafi.

Jumatano, Machi 12

Amekula vizuri. Ameficha kijiko ndani ya kiatu.

Jumanne, Machi 18

Mvua siku ya sita mfululizo. Chumba cha kazi kimejaa nguo mbichi, nimefunga kamba hadi juu ya kitanda changu. Baba amepita chini ya shuka za watu akiinua kila moja na kutazama nyuma yake. Nilimuuliza anatafuta nini. "Mtu," akasema. Mtu gani? Hakujua.

Alhamisi, Machi 27

Leo nitaandika hata kama daktari hatalihitaji.

Tulikuwa mezani, nimemwekea uji, nimefumba macho niombee chakula. Katikati ya maombi baba akanigusa mkono, kwa adabu kabisa, kama mgeni.

"Samahani mama, unaongea na nani?"

"Naongea na Bwana Yesu, baba."

Akafikiri. "Simjui," akasema. "Anakaa mtaa huu?"

Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Kisha nikaenda chumba cha kazi nikafunga mlango nikasimama katikati ya suruali za watu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusali kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Huyu alitembea kwa miguu vijiji vingapi, akizomewa, akinyeshewa, kwa ajili ya jina hilo hilo. Na fundisho lake kuu, lile alilolirudia mpaka tukalijua kama kengele ya shule, lilikuwa hili: wokovu ni kushika, na anayeachia mkono njiani hafiki.

Sasa ameachia. Hakuachia kwa dhambi wala kwa kiburi. Ameachia kama mtu anavyoangusha kitu usingizini. Naogopa kwamba baba yangu atapotea milele, na ninaogopa kwa sababu ya mafundisho yake mwenyewe.

Jumapili, Machi 30

Baada ya ibada nilimwambia mchungaji. Ni kijana, ana miaka miwili tu hapa, bado washirika wengine wanamwita "huyu mtoto" akiwa hayupo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtu aliyeokolewa kweli yuko mkononi mwa Bwana, na hakuna wa kumchomoa humo, hata ugonjwa, hata yeye mwenyewe. Alisema mwenye kushika si sisi.

Mzee wa Kengele alikuwa anakunja kamba yake hapo karibu, akasikia. Huyu ndiye rafiki wa baba wa tangu ujana, na amepiga kengele ya kanisa muda wote ambao baba amehubiri. Alisema maneno kama hayo ni mto laini wa kulalia. Watu wataokoka Jumapili na kuishi watakavyo wiki nzima, wakijua wameshafika. Kama hakuna kuanguka, aliuliza, mbona Maandiko yamejaa maonyo? Mtu haonywi juu ya shimo ambalo halipo.

Mchungaji akasema onyo nalo ni mkono wa Bwana, ndilo analotumia kuwatunza walio wake. Mzee akasema hayo ni maneno ya chuoni.

Niliwaacha. Mimi sikutaka kujua nani ameshinda. Nilitaka kujua habari za baba yangu.

Jumamosi, Aprili 5

Amekuja mteja kuchukua koti jeusi, risiti imepotea. Nikamwonyesha kibao nilichokiandika mwenyewe ukutani: Bila risiti hakuna nguo. Akabembeleza, nikakaza. Alipokwenda nikaliangalia lile koti, nikajua kabisa ni la kwake, namwona nalo kila mwaka.

Sheria ni sheria. Lakini mchana kutwa sikuwa na raha.

Jumatatu, Aprili 14

Baba ametoroka.

Nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, yanatakiwa saa nne. Nilipogeuka mlango uko wazi na mvua inaingia. Nimekimbia mtaa wa kwanza, wa pili, nimeuliza kwa fundi baiskeli, nimeuliza kwa muuza mkaa. Roho iko juu. Nilianza kutazama kwenye mitaro, na hilo sitaki kulieleza zaidi.

Nimemkuta kwa Nesi.

Lazima niseme ni nani. Nesi alikuwa muuguzi hospitalini mpaka alipostaafu, na alikuwa mshirika wetu, sauti ya kwanza katika kwaya. Miaka tisa iliyopita binti yake wa pekee alifariki katika wodi ile ile aliyokuwa akifanya kazi mama yake. Haikupita miezi miwili ikaja Jumapili ya Majina. Baba akaita jina lake. Nesi akasimama, akanyamaza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Baba akasema, "Piga mstari." Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu, na mstari niliupiga mimi. Nilijivunia kwamba mstari ulinyooka.

Tangu siku hiyo tukikutana njiani namwamkia haraka haraka na kutazama pembeni.

Leo baba alikuwa amekaa jikoni kwake, amefutwa maji, amevishwa shati kavu la marehemu mume wake, anakunywa chai. Nesi alikuwa amepiga magoti, anamkausha vidole vya miguu kimoja kimoja. Nilisimama mlangoni natiririka maji.

"Ingia ndani, mdogo wangu, utaugua," akasema. "Mzee hana neno. Amepotea njia tu."

Jumanne, Aprili 15

Nesi amekuja mwenyewe asubuhi. Amesema atakuwa anakaa naye mpaka saa saba ili nifanye kazi. Nilimwambia siwezi kumlipa. Akasema hajaomba malipo.

Jumanne, Aprili 22

Baba anamwita Nesi "mama". Anamruhusu amkate kucha. Mimi nikimkaribia na mkasi anapiga kelele.

Jumanne, Aprili 29

Leo nimejikaza kisabuni nikamuuliza. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti, sisi tunakunja mashuka, yeye huku mimi kule. Nilisema, "Dada, siku ile ulinyamaza kwa nini? Ungejibu tu."

Hakukasirika. Alilinganisha pembe za shuka kwanza.

"Ningejibu nini? Nilitakiwa niseme bado nimemshika. Mimi siku zile nilikuwa sishiki kitu, hata kijiko kilikuwa kinaniponyoka. Ningesema nimemshika, ningekuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake. Nikaona heri ninyamaze."

Nikamuuliza kama aliacha kuamini. Akasema hajui watu wanaita nini. Alikaa mwaka mzima bila kuomba hata neno moja. Kisha siku moja, anaosha vyombo, akagundua kwamba mwaka wote ule kila alipolia alikuwa analia mbele ya mtu. Hakuwahi kulia peke yake. Ni hilo tu, akasema, hana mahubiri mengine.

Nilikunja shuka langu vibaya, ikabidi turudie. Kwa miaka tisa nimemhesabu huyu mama kuwa ameanguka. Naona aibu kubwa.

Ijumaa, Mei 2

Mara tisa. Lipo, baba. Wewe mwenyewe, baba.

Jumanne, Mei 6

Kikao cha wazee kimekaa juu ya baba. Mchungaji amependekeza jina lake lisiitwe mwaka huu, ni mgonjwa, lirukwe. Nilitaka kumshukuru pale pale.

Mzee wa Kengele akaomba nilete daftari na kusoma ukurasa wa kwanza. Nilijua kilichopo, nikasoma. Mwandiko wa baba, wino wa bluu uliofifia: Kila jina litaitwa. Hakuna atakayemjibia mwingine. Hata mimi.

Mzee akatukumbusha habari za fundi viatu aliyepooza mdomo. Watu walisema arukwe. Baba alikataa, akaenda na daftari hadi kitandani kwake, akaita mara tatu, na mara ya tatu fundi akaitikia kwa kichwa. "Tulilia wote," mzee akasema. "Leo tukimruka yeye, tumewaambia wote aliowakata kwamba ilikuwa mchezo." Na mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Wameamua jina litaitwa, na kwa kuwa baba hawezi tena, mimi ndiye nitakayeita majina yote.

Jumatano, Mei 7

Nimeanza kumfundisha baba. "Sema: nipo, na bado nimemshika." Akaniambia nisimfokee.

Jumapili, Mei 11

Mvua imepungua. Baba amesema "nipo" mara mbili. Iliyobaki haji nayo.

Jumamosi, Mei 17

Ameisema yote. Saa tatu asubuhi, akiwa ameshika kikombe, sauti ile ile ya mimbarini: "Nipo, na bado nimemshika." Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikamkimbilia Nesi uani kumwambia.

Dakika tano baadaye baba akamwambia hivyo hivyo paka. Kisha akaliambia beseni.

Nesi akaliondoa beseni. "Mdogo wangu," akasema, "unamfundisha amwambie nani? Wale wa kanisani, au Yeye? Kama ni Yeye, anajua tayari. Kama ni wale, basi ni kasuku unafuga."

Nilikasirika, nikamjibu vibaya, nikasema yeye hana cha kupoteza kwa kuwa alishakatwa. Maneno yalinitoka nikayaona yanakwenda na siwezi kuyarudisha. Akachukua kitambaa akaendelea kumfuta baba mdomo. Hakwenda nyumbani mpaka saa saba yake ilipofika.

Mchana nimempelekea mwenye koti jeusi koti lake mpaka mlangoni. Hakuitaja risiti na mimi sikuiuliza. Kibao nimekitoa.

Jumatatu, Mei 19

Nesi amekuja kama kawaida. Nimemwomba msamaha. Akasema, "Shika hizi soksi."

Jumamosi, Mei 24

Jua. Nguo zote zimekauka kwa siku moja. Baba hakumbuki tena hata "nipo". Nimeacha kumfundisha. Nimepiga pasi shati lake jeupe mara mbili.

Jumapili, Mei 25

Naandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Tulimpeleka baba mimi na Nesi, kila mtu mkono mmoja. Nilidhani Nesi ataishia mlangoni, maana hajavuka mlango ule kwa miaka tisa. Lakini baba alikuwa amemng'ang'ania mkono, na Nesi hakuutoa. Wakakaa benchi la mbele. Watu walikohoa. Mimi nikaenda mezani kwangu, daftari, rula, kalamu mbili.

Nilipoanza kuita, baba akanyoosha mgongo. Sijamwona amekaa hivyo mwaka mzima. Alisikiliza kila jina, na kila mtu alipojibu aliitikia kwa kichwa na kusema kwa sauti, "Andika." Kwanza watu walishtuka, kisha wakatabasamu, kisha nadhani wakaanza kumngojea yeye. Alikuwa anaongoza, kumbe kazi ilikuwa bado imo ndani yake nzima, kama mashine inayowaka ukigusa mahali pake. Nilipata tumaini. Nilifikiri, akifikiwa atajibu.

Nikafika. Nikaita jina la baba yangu.

Alinitazama akingoja, kama wote. Nikaita mara ya pili. Akageuka kuangalia nyuma, amwone huyo asiyejibu. Mchungaji alisimama nusu, akakaa. Mzee wa Kengele alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaita mara ya tatu.

Baba alingoja muda ule ule aliokuwa anangoja siku zote, si mfupi wala si mrefu. Kisha akasema, bila hasira, kwa huzuni ile yake ya zamani:

"Piga mstari."

Nilichukua rula. Naandika hili kwa sababu ni kweli: niliichukua, nikaiweka chini ya jina lake, nikashika kalamu nyekundu. Miaka kumi mkono umezoea. Kisha nikaliangalia lile jina, herufi alizoziandika mwenyewe akiwa kijana na akili zake zote, akiamini ataweza kushika mpaka mwisho kwa nguvu za mkono wake, na moyo wangu ukakataa. Niliona kwamba kama yeye hakuweza, hakuna hata mmoja wetu mle ndani aliyewahi kuweza.

Nikaweka kalamu chini. Nikafungua kurasa nyuma, miaka tisa, mpaka kwenye mstari wangu wa kwanza ulionyooka. Nikaita jina lililo chini yake.

Nesi aliruka kama amechomwa sindano. Kila mtu alijua kwamba aliyekatwa haitwi. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu.

Alisimama polepole, maana baba bado alikuwa amemshika mkono.

"Nipo," akasema. "Kushika, siwezi kusema. Lakini nipo."

Hilo silo jibu lililoandikwa ukurasa wa kwanza. Tukamtazama wote baba, wala sijui tulitazamia nini kwa mtu asiyejua siku. Baba alimwangalia yule mama aliyemkausha miguu. Akaitikia kwa kichwa.

"Andika," akasema.

Nikaandika.

Mzee wa Kengele alisimama hapo, machozi yanamtiririka hadharani, akasema, "Katibu, soma na wengine." Nikasoma wote waliokatwa, kumi na wanane. Wengi wamekufa au wamehama. Mmoja alikuwa nje anachunga pikipiki, akasikia akaingia, akasimama tu mlangoni kofia mkononi. Kwa wengine wote hakuna aliyejibu, na hakuna aliyesema mstari, kwa maana baba alikuwa ameshalala begani kwa Nesi.

Mbele ya jina la baba pako wazi. Sikuweka alama wala mstari.

Jumatatu, Mei 26

Mchungaji na Mzee wa Kengele wamekuja kumwona baba, wamebishana sebuleni kwangu saa nzima. Mzee bado anasema maonyo ni maonyo na mtu asilale. Mchungaji bado anasema anayetunza si sisi. Nimewapa chai. Safari hii walibishana huku wakishirikiana kumshikia baba kikombe.

Sijui nani kati yao ana ukweli wote. Hofu yangu haijaisha, ila imepungua kiasi cha kuniruhusu kulala.

Jumapili, Juni 1

Daktari, kesho ni kliniki. Muhtasari wako ni huu: anakula kidogo, analala sana, hanijui mimi ni nani, hafahamu mwaka. Swali lake bado analo.

Leo aliuliza mara moja tu, asubuhi, nikimfunga vifungo.

"Jina langu lipo?"

"Lipo, baba."

"Nani kaliandika?"

Kwa miezi mitatu nimemjibu kwamba aliliandika yeye. Leo sikuweza.

"Si wewe, baba. Wala si mimi."

Akanitazama usoni muda mrefu, mpaka nikadhani amenikumbuka. Kisha akashusha mabega, kama mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali," akasema, na akafungua mdomo apewe uji.